Afisa Michezo, Afisa Utamaduni au Afisa Maendeleo ya Jamii: uingie halmashauri kwa mlango upi?

Katika halmashauri za Tanzania hakuna cheo cha "meneja wa burudani ya jamii", lakini kazi yenyewe ipo, tena nyingi. Kuna viwanja vya kutunza, mashindano ya kata ya kupanga na vikundi vya ngoma vya kulea. Kuna vilabu vya jogging vinavyotaka barabara Jumapili asubuhi, na wazee wanaotaka kivuli cha kuchezea bao bila kufukuzwa na mwenye fremu. Kazi hii imegawanywa kwa kada tatu, na anayeipenda hulazimika kuomba moja tu kati yake. Tangazo la Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini, halimsaidii sana, maana majukumu ya kada zote tatu yanaanza na "kuratibu", "kuhamasisha" na "kushauri".

Ulinganisho huu unatumia kipimo kimoja: mlango upi unakuweka karibu zaidi na kiwanja na kifungu. Kiwanja ni ardhi yenye mipaka inayotambulika. Kifungu ni mstari wako kwenye bajeti ya halmashauri. Jezi, medali na mgeni rasmi hupatikana kwa kuomba hata wiki moja kabla ya fainali, ila ardhi na kifungu hupiganiwa mwaka mzima kabla.

| | Afisa Michezo | Afisa Utamaduni | Afisa Maendeleo ya Jamii |
|---|---|---|---|
| Unakosomea | Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya. Elimu ya viungo, UDSM | TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo). Shahada za sanaa | Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Vyuo vya maendeleo ya jamii kama Misungwi, Buhare, Rungemba |
| Wakati mgumu | Mei na Juni | Ujio wa Mwenge, sikukuu za kitaifa | Utoaji wa mikopo na ufuatiliaji wa marejesho |
| Fedha unayoigusa | Ndogo, ya msimu | Ndogo, pamoja na vibali | Asilimia 10 ya mapato ya ndani |
| Watumishi wa kada | Wachache mno, makao makuu | Wachache mno, makao makuu | Wengi, hadi ngazi ya kata |

Afisa Michezo

Huu ndio mlango unaofikiriwa kwanza na kila aliyewahi kuvaa njumu. Kisheria kazi hii inaegemea Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Na. 12 ya mwaka 1967. Klabu inayotaka kusajiliwa huanzia kwako ikiwa na katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama, kabla maombi hayajaenda kwa msajili. Ukikagua vizuri hapo unaokoa miezi. Katiba nyingi hukwama kwa sababu hazisemi nani anamiliki mali klabu ikivunjika, au hazina kipindi cha uongozi.

Sehemu kubwa ya mwaka hata hivyo huliwa na shule. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia shuleni, hupanda kata, wilaya na mkoa, hadi taifa katikati ya mwaka. Hapo ndipo kuna mtego ambao hausemwi chuoni. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa 30 Juni, kwa hiyo kilele cha michezo kinaangukia wiki zile zile mweka hazina anapofunga hesabu. Ombi la malipo linaloingia MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, mwishoni mwa Juni linaweza kukwama, na timu ipo kambini inahitaji kula. Afisa mzoefu huandika ombi lake la Mei mwezi Machi, hulifuatilia dawati kwa dawati, na hahesabu fedha kuwa ipo mpaka aione kwenye akaunti. Ukichukua masurufu, yaani fedha ya kazi unayopewa kabla, fanya marejesho mapema, kwa sababu yasiyorejeshwa hukatwa kwenye mshahara wako, siyo wa aliyekusainia.

Hesabu za mashindano ni jambo la pili linalowaangusha wageni wa kazi. Diwani anakuja na wazo: "Tuweke timu 16, ligi ya makundi." Kwa mtoano wa moja kwa moja, timu 16 ni mechi 15. Kwa makundi manne ya timu nne ni mechi 24 za makundi, 4 za robo fainali, 2 za nusu, fainali na mshindi wa tatu: jumla 32. Kiwanja kimoja cha udongo kinabeba mechi mbili kwa siku bila kuharibika vibaya, hivyo ni siku 16. Kama ni Jumamosi na Jumapili tu, wiki 8. Kila mechi ina mwamuzi wa kati, wasaidizi wawili na wa akiba, maana yake posho 128. Kwa kawaida waamuzi wanakula fedha kuliko kombe, mipira na maji kwa pamoja. Mpangaji asiyepiga hesabu hii huishiwa kwenye robo fainali, na mchezo unaoishia robo fainali huzaa ugomvi wa mtaani unaodumu kuliko kombe lenyewe. Bora mtoano wenye mechi ya faraja kwa walioshindwa raundi ya kwanza, kila timu icheze angalau mara mbili, kuliko makundi yasiyofika mwisho.

Kiwanja nacho. Sheria za soka zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Kipimo kinachopendekezwa ni 105 kwa 68. Shule nyingi za mjini hazina mita 105, na hakuna dhambi kuchora 95 kwa 60. Dhambi ni kuchora kiwanja kilichopinda. Kwenye kila kona pima mita 6 upande mmoja na mita 8 upande wa pili. Kamba inayounganisha ncha hizo mbili lazima isome mita 10 kamili. Kisha pima mshazari wa kiwanja kizima kutoka pande zote mbili: kwa 105 na 68 kila mshazari unakaribia mita 125.1. Ikitofautiana kwa zaidi ya nusu mita, rudia kabla ya kumwaga chokaa. Mstari usizidi sentimita 12. Tumia rangi ya maji au unga wa chokaa usiounguza (kalsiamu kaboneti), kwa sababu chokaa hai, na hata iliyozimwa, ikikutana na jasho, goti lililochubuka au jicho huunguza. Netiboli inataka mita 30.5 kwa 15.25 na ringi kwenye kimo cha mita 3.05, voliboli mita 18 kwa 9. Ukitazama vipimo hivyo utaona jambo linalopuuzwa na wapangaji wengi: eneo la kiwanja kimoja cha soka linameza viwanja vingi vya netiboli na voliboli pamoja na njia ya kutembea. Halmashauri inayosema haina nafasi ya michezo kwa wasichana mara nyingi ina nafasi, ila imeichora yote kwa ajili ya wanaume 22.

Maji ndiyo yanaua viwanja. Katikati ikiinuliwa kwa asilimia 1 tu, kwenye upana wa mita 68 ni sentimita 34 kutoka pembeni hadi katikati, mvua ya masika hutiririka badala ya kutuama golini. Kosa la kawaida ni kukubali kifusi cha bure kutoka kwa mkandarasi wa barabara. Kina kokoto na vipande vya zege, hushindiliwa kama lami, na msimu mmoja unatosha kujaza zahanati magoti yaliyochanika. Magoli ya chuma ya kuhamishika yafungwe chini kwa vigingi au mizigo kila siku, hata wakati wa mazoezi, kwani goli linalomdondokea mtoto aliyening'inia juu yake linaua.

Hata hivyo viwanja vikubwa unavyovijua kwa majina huenda usiwe na mamlaka navyo. Kirumba cha Mwanza, Sokoine cha Mbeya, Majimaji cha Songea, Ali Hassan Mwinyi cha Tabora na Sheikh Amri Abeid cha Arusha ni mali ya CCM. Benjamin Mkapa ni wa Serikali Kuu. Halmashauri yako hubaki na viwanja vya shule, maeneo ya wazi, na kiwanja kimoja cha zamani ambacho nusu yake ni gulio siku ya mnada. Hapa ndipo kazi ya kweli ilipo, na ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa walidhani ni kazi ya filimbi.

Eneo la wazi lisilo na namba ya kiwanja limeshapotea, bado tu hujaambiwa. Nenda kwa afisa mipango miji uombe mchoro wa mipango miji wa eneo husika, uone matumizi yaliyoandikwa. Linganisha na hali ya chini: nani amejenga, nani amepanda mahindi, nani ameegesha malori. Omba upimaji ufanyike na mawe ya mipaka yasimikwe, kisha hati itoke kwa jina la halmashauri. Nakala iwe kwa mtendaji wa mtaa, siyo kwenye kabati lako peke yake. Ukiona tangazo la kubadili matumizi ya ardhi, andika pingamizi ndani ya muda uliotajwa, na uwaambie viongozi wa timu za mchangani nao waandike; barua 10 zenye mihuri ya vilabu vilivyosajiliwa zina uzito kuliko maandamano. Kwa viwanja vya shule, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya mkuu wa shule, kamati ya shule na ofisi yako: saa za wananchi, nani anafunga geti, nani analipa kioo kikivunjika. Makubaliano ya mdomo huondoka na mkuu wa shule akihamishwa.

Kuhusu fedha za viingilio na ada, kumbuka neno moja la wakaguzi: fedha mbichi. Timu zikikulipa ada mkononi nawe ukawalipa waamuzi hapo hapo, umetumia makusanyo kabla hayajaingia benki, na hiyo ni hoja ya ukaguzi hata kama kila shilingi ina risiti. Ada ya halmashauri inapita kwenye namba ya malipo. Njia safi ni kuacha chama cha mchezo cha wilaya kiendeshe mashindano na kukusanya ada zake kwa mujibu wa katiba yake, halmashauri ikichangia uwanja, vifaa na usalama. Mfadhili akileta mipira 20, ipokelewe stoo na kuandikwa kwenye leja kabla haijagawanywa. Picha ya makabidhiano siyo leja.

Neno kuhusu timu za halmashauri. Manispaa ya Kinondoni ina KMC, Jiji la Mbeya lina Mbeya City, na kila mkurugenzi mpya huota ya kwake. Timu ya Ligi Kuu huleta jina na ajira za vijana, lakini ni biashara ya wachezaji 30, haiongezi hata mahali pamoja pa mama wa miaka 50 kufanyia mazoezi. Ukipewa uratibu wake, omba iwe na kifungu chake, isile cha michezo ya kata.

Afisa Utamaduni

Katika halmashauri nyingi kada za michezo na utamaduni ziko kitengo kimoja, na zikiwa na mtu mmoja tu, huyo hufanya zote. Kwa hiyo kuchagua utamaduni mara nyingi ni kuchagua vyote kwa mshahara mmoja. Mwenye jicho la jukwaa, aliyepita Bagamoyo akajua taa, sauti na jinsi ya kupanga ratiba ya maonyesho, ana faida hapa ambayo mtu wa Malya hana.

Kazi inayokufanya ujulikane ni kibali. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, hufanya kazi wilayani kupitia maafisa utamaduni, na kila anayetaka kupiga muziki wa hadharani, iwe singeli, taarabu au ngoma ya usiku, ana sababu ya kufika mezani kwako. Kibali kizuri kinataja mambo ambayo yataulizwa kukiwa na malalamiko: jina la mwandaaji na simu, mahali hasa, saa ya kuanza na saa ya kufunga, idadi ya watu, na kama watoto wanaruhusiwa. Usiandike "hadi usiku". Andika saa 4:00 usiku, au saa yoyote mliyokubaliana. Kabla ya kusaini uwe na barua ya serikali ya mtaa na polisi wawe wamearifiwa. Vurugu nyingi za vigodoro zinatokana na mwandaaji aliyekuwa na barua ya mtaa tu akaamini inatosha, na jirani mgonjwa ambaye hakuna aliyemuuliza.

Tamasha la ngoma nalo lina hesabu zake, na ni ngumu kuliko za mpira, kwa sababu mpira una dakika 90 na ngoma ina mzuka. Vikundi 10 vya dakika 20, na dakika 5 za kupishana, ni dakika 250: zaidi ya saa nne kabla ya hotuba. Hotuba zikitangulia, kikundi cha mwisho hucheza gizani mbele ya viti vitupu, na mara nyingi ndicho kilichotoka mbali zaidi. Vikundi vya watu 20 ni wasanii 200. Kwa basi dogo la abiria 28 ni safari 8, siyo 5 kama bajeti nyingi zinavyoandika. Kikundi kiwe na akaunti ya benki kwa jina lake kabla ya siku yenyewe, la sivyo malipo huenda kwa kiongozi na mwezi ujao unasuluhisha ndoa isiyo yako. Kodi spika pamoja na jenereta na fundi wake, tena mtu mmoja awajibike kwa vyote. Ukivikodi kwa watu watatu, umeme ukikatika kila mmoja atamtazama mwenzake.

Kisha kuna Mwenge. Unapita kila halmashauri kila mwaka, na wiki za ujio wake ofisi yako haina kazi nyingine: ngoma za mapokezi, burudani za mkesha, vikundi vya shule. Afisa mjanja hutumia msimu huo kununua vitu vinavyobaki, yaani jukwaa la kufunguliwa na kufungwa, hema, nyaya, badala ya kukodi kila kitu. Asiye mjanja hubaki na fulana.

Ukilinganisha na michezo, utamaduni una kifungu chembamba zaidi, ila una muhuri. Watu wanakuhitaji mwaka mzima, wala hawasubiri Juni. Tatizo lake ni kwamba muhuri huo huo unaleta majaribu ya "chai", na kibali kimoja ulichotoa bila kufuata utaratibu ndicho kitakachosomwa mbele ya kamati.

Afisa Maendeleo ya Jamii

Kwa anayependa burudani mlango huu unaonekana wa mbali, lakini historia inasema vingine. Kumbi za jamii za zamani, kama Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, zilijengwa chini ya fikra ya ustawi na maendeleo ya jamii: madarasa ya kina mama, michezo ya ndani na dansi chini ya paa moja. Wazo hilo lilisambaratika kwa vitengo, ila mtandao wa kufika kwa watu ulibaki kwa kada hii. Una wenzako hadi kwenye kata. Unajua vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa majina. Hakuna afisa michezo mwenye daftari kama hilo.

Na fedha ipo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kwa upande wa burudani, mfuko huu haujengi uwanja wala haununui mipira, ni mikopo ya biashara. Lakini kikundi cha vijana kinachochapisha jezi, kinachokodisha viti na hema, au kinachoendesha chumba cha mazoezi ni biashara, na ndicho kitakachofanya tamasha la mwakani liwe rahisi.

Ubaya wake ni kwamba mikopo hiyo hiyo itakula siku zako. Vikundi vinavyoundwa wiki moja kabla ya dirisha la maombi hufa wiki moja baada ya fedha kuingia. Klabu ya jogging inayojaza fomu ya ufugaji wa kuku bila hata banda ni mfano unaojirudia. Ukiipitisha kwa sababu unawapenda wakimbiaji, mwaka unaofuata utakuwa mkusanya madeni, na hao hao ndio watakaokuwa wanakukwepa Jumapili asubuhi. Kagua shughuli kwa macho, ongea na wanachama mmoja mmoja bila mwenyekiti kuwepo, na uone daftari la akiba la angalau miezi kadhaa iliyopita.

Kwa kupanda cheo huu ndio mlango mpana. Watumishi ni wengi, ngazi ni nyingi, na mkuu wa maendeleo ya jamii anakaa kwenye timu ya menejimenti akiwa na hoja zenye tarakimu. Michezo na utamaduni zina nafasi chache, hivyo unaweza kukaa miaka mingi ukiwa wewe ndiye mkuu na wewe ndiye msaidizi. Tungemshauri mtu mwenye ndoto ya kuongoza huduma nzima za jamii aingilie hapa, mradi akubali kwamba miaka ya mwanzo atashika mpira Jumamosi tu.

Na ukiwa Kenya

Upande wa pili wa mpaka wa Namanga swali hili lina sura nyingine, kwa sababu Katiba ya 2010 imelijibu nusu. Jedwali la Nne linazipa kaunti 47 shughuli za kitamaduni, burudani za umma, vifaa vya michezo, na bustani, fuo na sehemu za starehe za kaunti. Kwa maneno mengine, mamlaka ya uga, ufuo wa umma na leseni ya pombe yote yako kwa serikali moja. Afisa wa michezo wa kaunti anaweza kuwa na uga wake mwenyewe, kama Bukhungu kule Kakamega, huku Kasarani na Nyayo zikibaki kwa serikali ya kitaifa.

Mlango wa kuingilia ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Shahada ya usimamizi wa burudani na michezo inatambulika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kimefundisha fani hiyo kwa miaka. Andaa mapema vyeti vya Sura ya Sita, ile ya Katiba inayohusu uadilifu: EACC (tume ya maadili na kupambana na rushwa), KRA (mamlaka ya mapato), HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), CRB (kumbukumbu za mikopo) na cheti cha maadili cha DCI (idara ya upelelezi). Makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na makusanyo ya uga huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti, hayatumiki pale getini. Dhiki yake ni kuchelewa kwa fedha kutoka hazina kuu, mwenye hema na mwenye gari la wagonjwa wakageuka wadai wako. Pia maafisa wakuu wa idara huteuliwa na gavana, kwa hiyo kila uchaguzi unaweza kuja na mkubwa mpya na mpango mpya. Kaa kwenye kada ya kudumu kabla ya kutamani uteuzi.

Kuingia, kwa Tanzania

Ajira zote tatu hupita Sekretarieti ya Ajira, kupitia Ajira Portal. Matangazo huweka umri usiozidi miaka 45 na hukataa hati za matokeo za muda. Weka vyeti kamili na namba ya NIDA. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo yakitofautiana hata herufi moja, shughulikia kiapo sasa, siyo baada ya kuitwa kwenye usaili. Mwenye shahada huanzia ngazi ya mshahara ya TGS D. Usaili una mchujo wa kuandika kisha wa mahojiano, na maswali hupenda muundo wa Serikali za Mitaa: Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, kazi za kamati za kudumu, na mzunguko wa bajeti.

Walimu wengi wa michezo hutaka kuhamia kada ya afisa michezo. Inawezekana kwa kubadilishiwa kada, lakini usianze kukaimu kwa maneno ya mdomo. Bila barua, unafanya kazi mbili, unapimwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kwa ile usiyoifanya, na kupanda kwako daraja kunasimama.

Kama bado upo chuoni na unachagua pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, omba halmashauri ambayo huna ndugu, na wiki ya kwanza omba kuona nyaraka tatu: bajeti iliyopita ya kitengo ikilinganishwa na fedha iliyotoka kweli, orodha ya maeneo ya wazi yenye namba za viwanja, na rejista ya vikundi. Orodha ya viwanja ikiwepo na mawe yake yapo ardhini, michezo hapo ina kazi ya kufanya. Ikiwa bajeti ni ya karatasi tu lakini vibali vya burudani vimejaa faili, utamaduni ndiyo ofisi iliyo hai. Na ikiwa kinachoeleweka pekee ni rejista ya vikundi, jaza fomu ya maendeleo ya jamii, kisha umtafute mwenyekiti wa klabu ya jogging.